Paka Asiyegeuka

Paka alikuwa amekaa juu ya kaburi la Yunusi, na Mwenyekiti Hatibu alikataa katakata kusogea hata hatua moja zaidi.

"Mimi naishia hapa, afande," alisema. "Nina watoto wadogo."

Sajini Winfrida hakubishana naye. Ilikuwa saa tatu asubuhi na Kinole ilikuwa bado haijaliona jua. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka juu ya mlima ukajaa bondeni, migomba ya karibu ikabaki vivuli na ya mbali ikawa haipo kabisa. Kaburi lilikuwa na siku kumi na sita. Udongo wake ulikuwa bado mwekundu, na juu ya wekundu ule kiumbe kile kilikuwa cheupe mno hata mtu akakosa raha kukitazama.

Manyoya yake yalikuwa marefu kiasi kwamba miguu haikuonekana. Uso ulikuwa bapa, pua imedidimia katikati ya macho, na macho yenyewe yalikuwa ya buluu. Ukimtazama harakaharaka ungesema ni mtu mfupi sana aliyejifunika shuka akabakiza uso. Aliwaangalia wageni wake mara moja, akaona hawana maana, akawapa mgongo.

"Hilo debe ulilobeba ni la nini?" Winfrida aliuliza.

"La kufukuzia ngedere shambani."

"Lipige."

"Tumempigia sana, afande. Tumepiga debe, tumepiga yowe, Said muadhini amemsomea mpaka sauti ikamkauka. Hasikii la mtu wala la Mungu."

"Lipige tu."

Hatibu alilipiga. Ndege waliruka kutoka kwenye mkarafuu, mbwa akabweka, na mtoto mahali fulani ndani ya ukungu akaanza kulia. Sikio la paka halikutikisika. Winfrida alilichukua debe, akanyata mpaka hatua tano nyuma ya kaburi, akalipiga mwenyewe kwa nguvu zake zote. Paka aliendelea kutazama mlima. Winfrida alipotaka kusogea tena, kiatu kiliteleza kwenye tope, goti likagonga ardhi kwa kishindo, na hapo ndipo paka aliporuka. Alimgeukia, akamtazama bila kutoa sauti, kisha akaingia kwenye ukungu na hakuna hata jani lililotikisika nyuma yake.

"Umeona mwenyewe," Hatibu alisema kutoka kule mbali.

"Nimeona."

Winfrida alisogea kaburini. Kwenye kibao cha mti kulikuwa na kishungi cha manyoya meupe. Alikipima kwa kidole chake cha kati, kikakizidi urefu. Alikivuta taratibu kati ya vidole viwili, hakikukwama popote. Kisha akakinusa. Kilinukia mafuta ya nazi.

Alikitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika saa na mahali, akaifunga.

"Mwenyekiti, tangu paka huyu aonekane, nani amekufa Kinole?"

"Hakuna."

"Nani ameugua?"

Hatibu alifikiri. "Hakuna."

"Sasa kosa lake nini?"

"Bado hajaanza," Hatibu alisema, na alisema kwa dhati kabisa.

Sababu ya sajini wa upelelezi kuacha meza yake Morogoro na kupanda mlima kumfuata paka ilikuwa hii. Mwaka ule wa 1994 viwanda vilikuwa vikibadilisha wamiliki, na kiwanda kimoja cha sabuni cha Kihonda kilikuwa kimepata mwekezaji, na mwekezaji alikuwa na mke, na mke alikuwa na paka. Jumanne moja alfajiri, wenye nyumba wakiwa likizo Ulaya, mlinzi wao Yunusi alipigwa nondo getini akafa, na vitu kadhaa vikatoweka ndani. Msimamizi wa nyumba, bwana mmoja aitwaye Innocent, alitoa maelezo asubuhi hiyohiyo. Alimwona mpishi, Salehe, akikimbilia uani amempakata paka wa Madam. Giza lilikuwa bado, alisema, ila weupe wa paka ulimwonyesha aliyempakata. Winfrida alikuwa ameyasoma maelezo hayo mpaka ameyakariri: *Nilimwita paka kwa jina lake, akageuza kichwa akaniangalia.*

Salehe alikutwa na damu kwenye shati. Alisema alimwinua mwenzake kujaribu kumwokoa. Halafu watu wawili wakaapa kwamba siku moja kabla walimsikia akimwambia Yunusi, "Mwezi huu hauishi sijakuzika."

Winfrida ni Mluguru wa Mgeta, upande wa pili wa mlima huohuo, na aliposoma sentensi hiyo alicheka ofisini peke yake. Salehe na Yunusi walikuwa watu wa Kinole, wa koo mbili zenye utani. Watani husemeshana hivyo wakiwa wanakunywa chai, na siku wakiacha kusemeshana hivyo ndipo uanze kuogopa. Mkuu wake hakuwa Mluguru na hakucheka. Jumatatu faili lilikuwa linakwenda kwa mwanasheria wa serikali kama lilivyo, kwa shtaka la kuua kwa kukusudia, na mwisho wa shtaka hilo ni kitanzi. Leo ilikuwa Jumamosi.

Madam alikuwa ameleta faksi tatu kutoka Ulaya. Zote zilimhusu paka, na hakuna hata moja iliyomtaja Yunusi. Kituo hakikuwa na mafuta, kwa hiyo kiwanda kilitoa pikapu, na Innocent akaiendesha mwenyewe mara uvumi ulipoteremka mjini pamoja na mananasi ya Kinole: kuna kitu cheupe kinakaa juu ya kaburi la yule mlinzi. Njia nzima, kuanzia Bigwa hadi walipoipita Kiroka, alikuwa akimweleza Winfrida kanuni yake. Atakayekutwa na paka, huko ndiko muuaji alikotoka. Sasa alikuwa anasubiri ndani ya gari mwisho wa barabara, robo saa kwa mguu kutoka pale makaburini.

Jana yake Winfrida alikuwa amemtembelea Catherine, daktari wa mifugo aliyewahi kumtibu paka huyo, kwa sababu hapendi kutafuta kitu asichokijua.

"Ni paka wa Kiajemi," Catherine alimwambia. "Mkoa mzima simjui wa pili. Watu walizalisha hawa kizazi baada ya kizazi ili wapate sura, afya wakaisahau. Pua ile fupi inamfanya akorome. Joto la hapa linamtesa. Hawindi, panya akipita anamtazama tu kama jirani. Na manyoya yake ni ya tabaka mbili, asipochanwa kila siku yanashikana mabonge, ndani ya wiki mbili ngozi chini yake inaanza kuoza."

"Nani alikuwa akimchana?"

"Mlinzi. Madam alimchana wakija wageni."

"Lingine?"

"Weupe wenye macho ya buluu, wengi wao ni viziwi tangu kuzaliwa. Huyu sikumpima. Aliletwa kwa ajili ya minyoo."

Sasa Winfrida alikuwa amempima kwa debe. Paka kiziwi hageuki akiitwa jina lake. Ila wakili yeyote angesema paka aligeuka kwa bahati, na hakimu angekubali, kwa hiyo hilo peke yake halikutosha kumtoa Salehe rumande. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa kile kishungi ndani ya bahasha. Siku kumi na nane tangu Yunusi afe, na manyoya hayana fundo hata moja. Mtu alikuwa akimchana paka huyu kila siku, kwa uvumilivu, na kumpaka mafuta ya nazi.

"Nyumba ya mama yake Salehe ni ipi?" aliuliza.

Hatibu aliinamisha macho. "Nilijua utauliza hiyo."

Bi Chausiku alikuwa anaanua mdalasini uliokosa jua siku ya tatu mfululizo. Alikuwa mama wa umri wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kichwa chote kimeota mvi. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa, jambo ambalo Kinole halifanywi mchana na mtu aliyepo nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Polisi?"

"Polisi. Winfrida, wa Mgeta."

"Karibu. Kiti hicho hapo nje." Alisema *nje* kwa mkazo kidogo.

Winfrida alikaa. Juu ya kichwa chake, kwenye mti wa paa la baraza, lilikuwa limechomekwa chanuo la mti. Lilikuwa na nywele nyeupe katikati ya meno. Alilichomoa.

"Nywele za nani hizi, mama?"

"Zangu. Huoni nina mvi?"

Winfrida alichomoa unywele mmoja, akaunyoosha juu ya daftari lake. Ulitoka ukingo wa juu wa ukurasa ukafika katikati, umenyooka kama uzi. Alimtazama mama yule kichwani, mvi zake fupi zilizojisokota, na mama naye akaona anachotazamwa.

"Siku hizi unazinyoosha?"

Kutoka ndani ya nyumba kulisikika sauti, nyembamba, ndefu, ya mtoto mchanga aliyeachwa. Hatibu aliyekuwa amesimama uani alirudi nyuma akagonga mgomba. Sauti ilikatika, ikaanza tena, na safari hii ilipanda mpaka Winfrida akahisi nywele za shingoni zimesimama.

"Anarudi kwa kupitia dirisha la nyuma," Chausiku alisema polepole. "Kila asubuhi anakwenda pale, akikaa akatosheka, anarudi. Nikimfungia analia hivyo mpaka majirani wanafunga madirisha. Sijamwonyesha kaburi. Hakuna aliyemwonyesha. Sijui anamjuaje."

Kisha akakaa chini palepale, akaanza kulia.

"Ndiyo hivyo, umempata," alisema. "Mwanangu mmemmaliza. Yule bwana wa gari alikuja wiki iliyopita akasimama dukani akatangaza, atakayekutwa na paka ndiye mwenye mauaji. Mimi nilikuwa nanunua chumvi. Nilirudi na chumvi yangu na kifo cha mwanangu kimelala kitandani kwangu kinakoroma."

"Kwa nini hukumtupa porini?"

"Nilimpeleka. Mara mbili. Manyoya yalikuwa yameanza kushikana hapa kwapani, anatembea anaumia. Nikarudi naye." Alijifuta uso kwa kanga. "Anaumia, nifanyeje?"

Winfrida aliweka kalamu chini. Alimhurumia mama huyu kuliko alivyotarajia, na kwa sababu hiyo aliuliza swali lililofuata kwa sauti kavu zaidi.

"Nani alikuletea?"

Chausiku alivuta kanga ikamziba mdomo.

"Salehe yuko rumande tangu Jumanne ile asubuhi. Si yeye aliyekuletea. Nani?"

"Siwezi kusema."

"Umeapishwa?"

"Si kiapo." Chausiku alimtazama. "Wewe wa Mgeta, huko kwenu hamna watani?"

Hapo Winfrida akafahamu. Koo zikiwa na utani, mtani wako akifa wewe ndiye unayechimba kaburi, unayemwigiza marehemu mbele ya mjane ili waliao wacheke, na unayeondoka na chochote mkono wako utakachokishika ndani ya nyumba ya msiba. Hakuna wa kukuzuia. Wenye msiba watakuja kukikomboa siku ya arobaini kwa kuku au pishi ya mchele. Kabla ya hapo kitu hicho hakiulizwi wala hakitajwi, na kijiji kizima kinajua uliondoka nacho na kijiji kizima kinakaa kimya.

"Ulichukua nini kwa Yunusi?" aliuliza taratibu. "Huna haja ya kutaja. Nionyeshe ukubwa."

Chausiku alifungua mikono yake. Ilikuwa duara pana, lenye kimo cha goti.

"Tenga," Winfrida alisema.

Mama hakukubali wala hakukataa. "Nilijua lina kuku," alisema. "Nilikuwa nimecheza nalo kichwani uani mpaka watu wakalia kwa kucheka. Kufika nyumbani nakata kamba, lile koti la kazi la Yunusi linainuka lenyewe."

Winfrida alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu afungue faili lile aliona njia ya kumtoa Salehe. Kama paka alipanda Kinole ndani ya tenga la marehemu siku ya maziko, basi Salehe hakukimbia naye alfajiri ya mauaji, kama Innocent alivyosema. Lakini aliyesema hivyo alikuwa mama wa mshtakiwa, na neno lake mahakamani lisingekuwa na uzito wowote. Wangesema Salehe alimpenyezea paka kwa njia nyingine na mama akatunga tenga. Alihitaji watu wawili. Mmoja wa kusema tenga lilitoka wapi, na mwingine wa kusema lilikuwa na kitu ndani kabla Chausiku hajaligusa.

"Mama, usitoke. Na usimfungie, akilia ataita watu."

Innocent alikuwa amefungua milango yote miwili ya pikapu na anasafisha viatu kwa jani la mgomba. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa maneno, mgeni wa milima hii. Alimpa Winfrida soda kabla hajaketi.

"Umempata?"

"Nimemwona. Kumkamata bado."

"Kwa yule mama, siyo? Nilikwambia."

"Kuna mapengo madogo kwenye faili, hakimu atayauliza," Winfrida alisema, akafungua daftari juu ya boneti. "Mali binafsi za marehemu. Nani alizikabidhi kwa familia?"

"Mimi."

"Zilikuwa nini?"

"Tenga moja tu la nguo. Lilikuwa chumba cha mlinzi pale getini."

"Lisije likawa lilipekuliwa na mtu katikati. Ndugu wa marehemu huwa wanalalamika."

Innocent alitikisa kichwa, ameumia kidogo kwa kudhaniwa hivyo. "Haiwezekani. Jumanne ileile asubuhi, polisi wenu wakiwepo, nililifunga kwa kamba ya katani kwa mkono wangu. Nikalifungia stoo. Ufunguo wa stoo ninao mimi peke yangu. Alhamisi nikalitoa, nikalipakia, na hapa nikalibeba mwenyewe mpaka kwa mjane. Sikumwachia hata dereva wa gari la jeneza."

"Hukulifungua kuangalia?"

"Mali ya marehemu, afande, nilifungue la nini?"

"Umefanya vizuri," Winfrida alisema, na alimaanisha. Aliyaandika yote, akamsomea, akampa kalamu. Innocent alitia sahihi nzuri yenye mkia.

Kisha Winfrida alimwita Hatibu kando. Alimwomba mgambo wawili, wenye miili, waje kukaa nyuma ya pikapu. Kama Innocent akiuliza, wanalinda matairi.

Kazi ngumu ilikuwa imebaki. Sabra, mjane wa Yunusi, alikuwa ndani ya eda, chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa kitenge. Alikuwa bado kijana. Alimsikiliza Winfrida hadi mwisho bila kupepesa macho.

"Unataka nimkomboe muuaji wa mume wangu," alisema.

"Nataka uniambie ulichokiona. Ukiwa hukuona kitu, nitaondoka na Jumatatu faili litakwenda kama lilivyo."

"Na Salehe atanyongwa."

"Pengine."

"Kila sala ninaomba anyongwe."

Uani wanawake wawili wa jirani walikuwa wanapepeta mchele, na sauti ya ungo iliingia chumbani kwa mpigo mmoja, mmoja. Sabra alitazama mahali kando ya kitanda, sakafuni, ambapo hapakuwa na kitu.

"Liliwekwa hapo," alisema hatimaye. "Wanaume walikuwa wamemchukua kwenda kumzika. Wenzangu walikuwa uani wanapika. Nilibaki mimi na lile tenga, na nilikuwa nimelala hivi, uso ukutani. Likapumua."

"Likapumua vipi?"

"Kama mtu anayekoroma, lakini kwa chini. Nikadhani ni mimi. Nikazuia pumzi zangu, likaendelea. Nikaweka mkono juu ya kifuniko. Lilikuwa na joto, dada. Yunusi alikuwa anawekwa ardhini saa ileile na tenga lake lina joto." Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. "Nikamwambia, kama ni wewe, nenda salama, mimi nitabaki. Mama Salehe alipokuja kulinyakua kwa utani wake, nilifurahi. Nilifurahi liondoke. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?"

"Nani alilileta humu ndani?"

"Yule msimamizi. Mikononi mwake. Alilitua taratibu akanipa pole."

"Sabra, Yunusi alikuwa akimtaja paka?"

"Alisema kuna paka wa wazungu analala kwenye koti lake, anakoroma kuliko babu." Alisikia maneno yake mwenyewe. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Winfrida alimwacha amalize kulia. Kisha akamweleza, neno kwa neno, maelezo ya Innocent: alfajiri, uani, Salehe na paka mikononi. Paka alikuwa amekwishatoweka asubuhi ile, kwa hofu au kwa kishindo cha nondo, akazama chini ya koti la rafiki yake, na Innocent alipohitaji kitu cha kumtambulisha Salehe gizani alimchagua paka aliyeamini hataonekana tena. Kwa nini alimuua Yunusi, hilo lilikuwa bado; pengine vipuri vya kiwanda vilivyopita getini bila hati, pengine jingine. Lakini alfajiri ile hakumwona mtu yeyote amempakata paka yeyote.

"Kwa hiyo alinibebea mwenyewe," Sabra alisema. Hakuwa akilia tena. "Aliyemuua. Akanitulia hapa kando ya kitanda, akanipa pole."

"Siku ya arobaini bado. Ukitaka kukomboa mapema ni hiari yako."

Sabra alipaza sauti kuelekea uani. "Furaha! Nishikie yule jogoo mwekundu. Na mmoja wenu akamwite Mama Salehe, aje na kile alichokichukua."

Sauti ya ungo ilikoma.

Chausiku alifika na tenga kichwani, na wanawake kumi na wawili nyuma yake, maana habari ya namna hiyo haitembei peke yake. Winfrida aliandika majina yao wote. Mlangoni mama yule alisimama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuchomwa moto, ila desturi ina maneno yake, na aliyasema kwa sauti iliyokatikakatika.

"Nani anakomboa takataka za yule maiti mvivu?"

"Mimi mke wake," Sabra alijibu kutoka ndani. "Jogoo huyo. Mwembamba kama wewe."

Mtu alicheka, halafu wote wakacheka, kicheko kifupi cha watu wenye hofu. Kilikatika Chausiku alipofungua kifuniko.

Paka alitoka bila haraka. Wanawake walijibana ukutani. Alipita katikati yao, manyoya yakifagia sakafu, hakusikia hata yule aliyepiga kelele sikioni mwake, akaingia chumba cha nyuma ambako hajawahi kutembea kwa miguu yake. Kitanda kilikuwa na pande mbili. Alipanda upande wa Yunusi, akazunguka mara moja, akalala, akaanza kukoroma.

"Ni hiyo," Sabra alinong'ona. "Sauti ni hiyohiyo."

"Utasema hivyo mbele ya hakimu?"

"Lete hiyo karatasi."

Winfrida aliandika akiwa amepiga magoti, akasoma kwa sauti ili wote wasikie, akafungua kikopo cha wino. Sabra alikitazama kidole chake gumba kwa muda. Ilikuwa kazi nzito kuacha kumchukia mtu kwa mara moja, na wote mle ndani waliiona ikifanyika. Kisha akakandamiza kidole kwenye karatasi mpaka kucha ikawa nyeupe.

Nje, Hatibu alikuja kusema kwamba bwana wa gari anauliza kwa nini mgambo wamechukua ufunguo. Winfrida alimwambia anakuja, akakunja karatasi akaiweka ndani ya shati, mahali pakavu.

Alipokuwa anainuka, Sabra alimshika Chausiku kanga.

"Mama Salehe. Mwanao nimemlaani kila sala, tangu nipate habari mpaka alfajiri ya leo. Nikuombeje radhi?"

Chausiku alijaribu kusema mara mbili akashindwa. Mara ya tatu alishika kiuno, akainua kidevu, na ikatoka sauti ileile ya uani, ya mtani.

"Usiniombe mimi. Ngoja mwenyewe arudi. Atakuja kukaa hapo mlangoni kwako, atakutukana wewe na maiti wako mpaka eda iishe, na kila siku utampikia."

Sabra aliweka uso wake kwenye kanga ya mama yule, na mabega yake yakawa yanacheka na kulia kwa pamoja.

"Na aje," alisema. "Na aje anitukane."